Maswali Yenu: Kwenda Kutazama Naadam, Mongolia

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinahusu Naadam, sherehe kuu ya michezo na utamaduni ya Wamongolia. Zinazofanana tumeziunganisha. Majina ya vitu tumeyaacha kama wenyeji wanavyoyatamka, kwa kuwa ndivyo utakavyoyasikia ukifika.

SWALI: Mhariri, salamu. Nimeona tarehe tatu tofauti za Naadam: Julai 11, mwishoni mwa Julai, na tena Agosti. Ipi ni ya kweli, na nikate tiketi ya ndege ya siku gani?

JIBU: Zote ni za kweli, kwa sababu Naadam si sherehe moja. Neno lenyewe maana yake ni michezo, na kwa kirefu huitwa Eriin Gurvan Naadam, yaani michezo mitatu ya wanaume: mieleka, mbio za farasi na kulenga shabaha kwa upinde. Jina limebaki hivyo ingawa siku hizi wanawake hushindana kwa upinde na wasichana hupanda farasi mbioni. Mieleka peke yake ndiyo bado ya wanaume tu. Mwaka 2010 UNESCO iliiingiza Naadam katika orodha yake ya urithi wa utamaduni usioshikika.

Naadam ya taifa hufanyika Ulaanbaatar, mji mkuu, kuanzia Julai 11, siku inayokumbusha mapinduzi ya 1921. Mbali na hiyo, kila aimag (mkoa, iko 21) na kila soum (wilaya) ina Naadam yake, na tarehe hupangwa na wenyeji: nyingine siku zilezile za taifa, nyingine kabla, nyingine baada. Hiyo ya Agosti uliyoiona bila shaka ni Danshig, Naadam yenye mizizi ya kidini, inayoambatana na ngoma za vinyago za watawa wa Kibudha.

Ukitaka ya taifa, fika Ulaanbaatar Julai 8, au 9 ukichelewa sana. Uwanja wa ndege wa Chinggis Khaan uko kama kilomita 50 kusini mwa mji, na foleni za kuingia mjini ni ndefu hata siku za kawaida. Kuanzia tarehe 11 nchi nzima iko likizo: benki zimefungwa, maduka mengi pia, na makumbusho kadhaa hayafunguliwi. Mgeni anayetua jioni ya tarehe 10 akiwa hana tugrik (fedha ya huko) mfukoni wala laini ya simu, begi lake likichelewa kidogo tu, ataianza sherehe kwa kuhangaika. Viza nayo uishughulikie mapema. Mongolia hutoa viza ya kielektroniki kwa raia wa nchi nyingi, lakini picha isiyokidhi vipimo au herufi moja ya pasipoti iliyokosewa hukurudisha mwanzo wa maombi.

SWALI: Nimeambiwa bila tiketi ya sherehe ya ufunguzi, safari nzima ni bure. Tiketi zimekwisha. Niahirishe?

JIBU: Usiahirishe. Aliyekuambia hivyo ameitazama Naadam kutoka kiti kimoja, na sherehe hii haitazamwi kutoka kiti kimoja.

Ufunguzi unapendeza, hilo hatulikatai. Huanza saa 5 asubuhi (kwenye ratiba yao utaona 11:00) katika Uwanja wa Taifa wa Michezo, kusini mwa katikati ya mji: maandamano ya wapanda farasi, fidla ya morin khuur yenye kichwa cha farasi juu ya mpini wake, waimbaji wa nyimbo ndefu za urtyn duu, na waimbaji wa kooni wa khöömii. Viti ni vichache kuliko watu wanaotaka kuingia, na vingi huchukuliwa mapema na kampuni za utalii. Kama bado unatafuta, jaribu kampuni hizo au hoteli yako. Usinunue kwa mtu anayekufuata getini siku yenyewe. Tiketi huandikwa geti na sehemu ya kukaa, na ukiwa na ya bandia utaligundua hilo ukiwa umeshasimama foleni saa nzima.

Kumbuka pia kwamba sehemu kubwa ya Naadam haihitaji tiketi ya ufunguzi. Asubuhi ya tarehe 11, kabla ya uwanja kujaa, nenda Sükhbaatar, kiwanja kikuu cha mji. Hapo ndipo bendera tisa nyeupe zinapotolewa Ikulu ya Serikali na kupelekwa uwanjani na askari wa gwaride waliopanda farasi. Ukizisogelea utaona si vitambaa. Ni singa nyeupe za farasi zilizofungwa kuzunguka ncha za miti mirefu, na upepo ukipita zinatawanyika na kukusanyika tena. Nyeupe ni za amani. Za vita zilikuwa nyeusi. Huhitaji tiketi kusimama pale, ila uwe umefika mapema, maana barabara hufungwa.

Viwanja vya upinde na vya shagai (mchezo wa kulenga vifundo vya kondoo) viko nje ya uwanja mkuu na unatembea kwa uhuru. Mbio za farasi hazina kiingilio kwa anayesimama na umma. Na siku ya pili ya mieleka kwa kawaida kuingia uwanjani ni rahisi kuliko ya kwanza.

SWALI: Nimetazama mieleka ya Kimongolia kwenye video sikuambulia kitu. Wanapigana wengi kwa wakati mmoja, wengine wanacheza kama ndege, hakuna duara wala kengele. Nitazame nini hasa?

JIBU: Anza na hesabu, mengine yatajipanga yenyewe. Wanaingia wanamieleka 512, raundi ni 9, na anayeanguka mara moja ametoka. Kwa hiyo raundi ya kwanza ina mapambano 256, ndiyo maana unaona jozi nyingi zimetapakaa majanini. Wanabaki 256, kisha 128, 64, 32, na kuendelea hadi wawili. Katika miaka ya kumbukumbu kubwa idadi imewahi kupandishwa hadi 1,024, na raundi zikawa 10.

Hakuna madaraja ya uzito. Kijana wa kilo 80 anaweza kupangiwa mtu wa kilo 140, na kuanzia raundi ya tatu wenye vyeo vikubwa ndio huchagua wapinzani wao. Anapoteza yule ambaye goti, kiwiko, mgongo au sehemu nyingine ya mwili imegusa ardhi kabla ya mwenzake. Nyayo na viganja havihesabiwi. Hapa ndipo wageni hukosea: wanaona mkono umetua chini, wanapiga makofi, kumbe pambano bado bichi na huyo aliyeweka mkono ndiye anayemnasa mwenzake mguu. Pambano moja laweza kuisha kabla hujavuta pumzi, lingine likadumu zaidi ya nusu saa wawili hao wakishikana mabega na kupimana. Usiwadharau hao wanaopimana. Tazama vidole vyao. Kila mmoja anatafuta ukingo wa vazi la mwenzake, na akiupata vizuri mara nyingi shughuli imekwisha.

Vazi nalo lina habari yake. Juu ni zodog, kijikoti chenye mikono mirefu na mgongo lakini kisicho na kifua, kinachofungwa kwa kamba tumboni. Chini ni shuudag, kibinda kifupi kilichobana, na buti za ngozi. Masimulizi ya wenyeji yanasema zamani mwanamke mmoja aliingia mashindanoni kwa siri akawaangusha wanaume wote, na tangu hapo kifua kikaachwa wazi ili asiingie mwingine.

Hiyo ngoma ya ndege huitwa devekh. Mwanamieleka hutandaza mikono na kuipandisha polepole, kwa kumwiga Garuda, ndege mkuu wa masimulizi yao. Huicheza anapoingia na anaposhinda. Aliyeshindwa hulegeza kamba ya zodog na kupita chini ya mkono wa mshindi kwa kuonyesha heshima. Tendo hilo ni la sekunde tatu, nne, na wenye kamera wengi hulikosa kwa kuwa wameshahamia jozi nyingine. Kila mmoja ana mpambe wake, zasuul, anayemshikia kofia, kumtia moyo, na katika baadhi ya raundi kutangaza vyeo vyake kwa sauti ya kughani.

Vyeo ndivyo vinavyoupa uwanja joto. Katika Naadam ya taifa, anayeshinda raundi 5 anapata cheo cha Nachin, kozi. Raundi 6 ni Khartsaga, kipanga. Saba ni Zaan, tembo. Nane ni Garid, yaani Garuda mwenyewe. Anayeshinda zote tisa anakuwa Arslan, simba. Simba akishinda tena mwaka mwingine anapanda kuwa Avarga, cheo cha juu kabisa. Vyeo hivi kwa kawaida havifutiki, mtu hufa navyo. Sasa utaelewa kwa nini katika raundi ya 5 uwanja mzima unanyamaza kwa ajili ya kijana asiyejulikana: akishinda hiyo moja, jina lake limebadilika milele.

Kwa hiyo, kama una nusu siku tu ya kuipa mieleka, usiipe raundi ya kwanza. Njoo tarehe 12 mchana, ukae hadi fainali jioni. Beba darubini ndogo. Jua huzama karibu saa 3 usiku, mwanga upo wa kutosha.

SWALI: Je, ni kweli kwamba kwenye mbio za farasi unakaa nusu siku na kuwaona farasi kwa dakika mbili?

JIBU: Karibu ni kweli, na bado tungekushauri uende kabla ya kitu kingine chochote.

Mbio za Naadam ya taifa hufanyika Khui Doloon Khudag, nyika pana iliyo kama kilomita 40 magharibi mwa Ulaanbaatar. Doloon khudag ni visima saba. Hakuna uwanja wa duara hapa. Farasi huongozwa polepole kutoka kwenye jukwaa la mwisho hadi mwanzo wa mbio, umbali wote, kisha hugeuzwa na kukimbia kurudi. Kinachopimwa ni pumzi kuliko kasi. Wamegawanywa kwa umri, na majina mawili ya madaraja yametoka mdomoni mwa farasi: shüdlen, wa miaka 3, linatokana na neno la jino, na soyolon, wa miaka 5, linatokana na chonge. Wadogo kabisa, daaga wa miaka 2, hukimbia kilomita 10 hadi 12. Umbali unaongezeka kwa kila umri hadi farasi wakubwa wa miaka 6 na zaidi, ambao hukimbia karibu kilomita 25. Madume ya mbegu wana mbio zao peke yao.

Ratiba ya madaraja hubadilika mwaka hadi mwaka, na katika miaka ya karibuni baadhi ya mbio zimekimbiwa hata kabla ya ufunguzi. Usiende kwa kubahatisha. Pata ratiba ya mwaka huo, chagua daraja moja au mawili, kisha hesabu kurudi nyuma. Barabara ya kwenda huko siku za Naadam hubadilisha safari ya saa moja kuwa ya saa tatu, kwa hiyo ondoka alfajiri. Saa 11 kumeshakucha. Kosa tunaloliona likirudiwa kila mwaka ni kujaribu kuunganisha ufunguzi wa uwanjani na mbio za asubuhi ileile. Hiyo haiwezekani. Mpe farasi siku yake.

Ukifika, usisimame nyuma ya jukwaa kuu ambako watu ni wengi zaidi. Rudi mita 300 hadi 500 kwenye kamba, upande ambao upepo unatoka nyuma yako, vinginevyo vumbi litakupata wewe kabla ya farasi. Vumbi ndilo utakaloliona kwanza, mstari wa hudhurungi upeoni. Halafu kwa muda unaonekana kama hausogei. Halafu unasikia kwato, na sauti nyembamba za watoto wakiwahimiza farasi. Anayetangulia mara nyingi yuko peke yake, kifua cheupe kwa povu, na nyuma yake nafasi kubwa kabla ya wa pili. Utaona farasi akifika bila mpandaji. Hesabu yake iko palepale, kwa sababu anayeshindana ni farasi.

Mshindi huitwa Tümnii Ekh, kiongozi wa elfu kumi. Watano wa kwanza ni "watano wa airag", na hunyunyiziwa airag, maziwa ya farasi jike yaliyochachuka, huku wakighaniwa sifa. Na katika mbio za wa miaka 2, yule wa mwisho kabisa naye hupewa heshima: huitwa Bayan Khodood, tumbo lililojaa, na huimbiwa wimbo wa kumtakia kheri mwaka ujao. Kama kuna jambo moja la Naadam tunalotamani kila mgeni alishuhudie, ni hili, na wengi wameshaondoka kuwahi foleni.

Mkufunzi, uyaach, humkwangua farasi jasho kwa kibao kirefu cha mbao. Vumbi na jasho la mshindi ni baraka, kwa hiyo umati hukimbilia kumgusa. Wewe usikimbilie. Farasi huyo ametoka kukimbia zaidi ya kilomita 20, amezungukwa na mikono asiyoijua, na teke lake halichagui. Pia usikatize njia ya mbio hata ikionekana tupu, usifungue mwavuli karibu na farasi, na usirushe droni. Mbali na kuwatisha wanyama, inahitaji kibali.

SWALI: Mimi ni mama. Nimeona picha za watoto wadogo mno juu ya farasi. Hili halinikai vizuri. Mnasemaje?

JIBU: Wasiwasi wako ni wa haki, mama, na hata Mongolia kwenyewe mjadala huo upo. Wapandaji wengi wana miaka kati ya 7 na 12. Sababu ni uzito: farasi wa Kimongolia ni mfupi, na kumkimbiza kilomita 25 akiwa na mtu mzima mgongoni ni kumwumiza. Watoto hawa wengi wamekua juu ya farasi, na siku hizi kofia ngumu na mavazi ya kinga ni sharti katika mashindano ya taifa. Hata hivyo watoto huanguka na kuumia, na watetezi wa haki za watoto nchini humo wanaendelea kudai masharti makali zaidi. Ukienda, tazama kama wana kofia na vizibao vya kinga. Ukialikwa kwenye mbio ndogo ambako hawana, una haki ya kutokwenda. Mieleka na upinde vinatosha kujaza siku zako.

SWALI: Upinde na hayo mashindano ya mifupa yanachezwaje? Nimesikia watu hawayatazami sana.

JIBU: Hawayatazami sana kwa sababu hawajui wasimame wapi. Walengaji wanaume husimama mita 75 kutoka shabaha, wanawake kama mita 65. Shabaha zinaitwa sur: vikopo vidogo vya mikanda ya ngozi iliyosukwa, vilivyopangwa chini kama kiukuta. Mwanamume hurusha mishale 40. Kichwa cha mshale ni butu, kazi yake ni kugonga na kuangusha. Upinde umeunganishwa kwa mbao, pembe na mishipa ya wanyama. Karibu kabisa na shabaha, katika hali inayomshtua mgeni, wamesimama waamuzi. Mshale ukigonga, huinua mikono na kuimba kwa sauti ndefu: uukhai! Kwa mikono hiyo mlengaji aliye mita 75 anajua amepata. Wewe kaa pembeni na nyuma kidogo ya walengaji, nje ya kamba. Ukiwa hapo utausikia uzi ukilia, hesabu pumzi moja, kisha mshale ukigonga ngozi.

Mifupa ni shagai, yaani vifundo vya miguu ya kondoo. Timu za watu 6 hadi 8 hufyatua kwa kidole vibao 30 vidogo vya marumaru kutoka kwenye ubao laini, kulenga vifundo vilivyopangwa mbele, ili kuviangusha ndani ya eneo la shabaha. Muda wote wenzao huimba, na nyimbo hubadilika kadiri pambano linavyokwenda. UNESCO iliutambua mchezo huu mwaka 2014. Ni wa ndani ya hema, kwa hiyo mvua ikinyesha utajua pa kukimbilia.

SWALI: Nina siku kumi. Nibaki mjini kwa Naadam ya taifa, au nitafute ya kijijini?

JIBU: Fanya zote mbili ukiweza. Ukilazimika kuchagua moja, nenda soum. Kwenye Naadam ya soum, wanamieleka ni 32 au 64, unakaa majanini hatua kumi kutoka kwao, na mshindi wa mbio ni farasi wa jirani wa mtu uliyekaa naye. Michezo yote mitatu iko mahali pamoja, kwa kawaida kwa siku moja au mbili. Hakuna maonyesho makubwa ya ufunguzi: hotuba, wimbo wa taifa, gwaride fupi, basi.

Ugumu uko kwenye usafiri. Tarehe 9 na 10 nusu ya mji inarudi kwao, mabasi ya mikoani yanajaa, na madereva wa kukodi nao wanataka kuwa kwenye Naadam ya kwao. Panga gari wiki kadhaa kabla. Njia moja nzuri ni kumuuliza dereva mwenyewe soum yake ni ipi na Naadam yao ni lini. Utapata gari, mkalimani na mwenyeji kwa mkupuo. Kharkhorin, mji ulio karibu na magofu ya Karakorum, mji mkuu wa kale wa Wamongolia, uko kama kilomita 360 kutoka Ulaanbaatar kwa barabara ya lami, na una Naadam yake. Uliza pia kama kuna soum inayotimiza miaka 80, 90 au 100 mwaka huo. Sherehe zao huwa kubwa kuliko kawaida, na farasi hutoka mbali.

Beba fedha taslimu. Mjini kadi inakubalika karibu kila mahali, ila huko nyikani mtandao ukikatika kadi haina kazi. Noti kubwa ya tugrik ni 20,000. Omba ndogondogo nyingi.

SWALI: Chakula je? Na mimi situmii kileo. Nikipewa airag nifanyeje bila kumvunjia mtu heshima?

JIBU: Chakula cha Naadam ni khuushuur: chapati nyembamba ya ngano iliyokunjwa nusu mwezi juu ya nyama ya kondoo au ng'ombe iliyokatwakatwa na vitunguu, ikakaangwa kwenye mafuta mengi. Nunua penye foleni na sufuria inayochemka. Iliyolala kwenye sinia juani tangu asubuhi iache. Unapoing'ata mara ya kwanza, ing'ate kidogo kwenye kona na unyonye mchuzi, vinginevyo utakuunguza kidevu. Kwa wanaojali uchinjaji, mjini ni lazima uulize. Bayan-Ölgii, mkoa wa magharibi ambako wengi ni Wakazakh Waislamu, jambo hilo ni jepesi zaidi, ila fahamu kwamba nyama ya farasi ni ya kawaida huko.

Airag ina kileo, kidogo lakini kipo, kwa kuwa maziwa huchachushwa ndani ya mfuko wa ngozi huku yakisukwasukwa mara maelfu. Anayekunywa aanze na nusu bakuli. Tumbo lisiloizoea hulegea, na mashimo ya choo ya uwanjani si mahali pa kujifunzia hilo. Asiyekunywa asisukume bakuli. Lipokee kwa mikono miwili, ligusishe midomoni au liinue tu kwa heshima, kisha lirudishe kwa mikono miwili. Mwenyeji ataelewa. Ukisukuma kwa kiganja, hapo ndipo unapomkosea. Omba suutei tsai badala yake, chai ya maziwa yenye chumvi. Aaruul, maziwa yaliyokaushwa yakawa magumu kama jiwe, unamumunya, hutafuni.

SWALI: Nivae nini Julai?

JIBU: Mji uko kama mita 1,300 juu ya usawa wa bahari. Mchana nyuzi 25 na jua kali, usiku nyuzi 10, na Julai ni mwezi wa mvua zao. Kofia pana, koti la mvua, sweta, viatu vilivyofungwa, kitambaa cha kuziba pua na mdomo kwa ajili ya vumbi. Ukipenda kuvaa deel, kanzu yao ya kufunga mshipi, vaa. Mgeni kuivaa kunawafurahisha. Kola ifungwe upande wa kulia, na mshipi usiukanyage.

SWALI: Kuna miiko gani nisiivunje?

JIBU: Kofia ni jambo zito: usiivae wala kuichezea ya mwingine, hasa ya mwanamieleka, na usiiweke chini. Usimguse mtu kichwani. Ukimkanyaga mtu mguu, hata kwa bahati mbaya kwenye msongamano, mpe mkono papo hapo. Msipopeana mkono mtakuwa mmegombana. Ukiingia kwenye ger, hema lao la duara, vuka kizingiti bila kukikanyaga, zunguka kwa kufuata mwelekeo wa saa, usipite katikati ya nguzo mbili, na usielekeze nyayo kwenye jiko. Kila unachopewa kipokee kwa mkono wa kulia au yote miwili. Salamu ya siku hizo ni "Naadamdaa saikhan naadaarai", nakutakia Naadam njema. Ukiitamka nusu tu, utapewa khuushuur.

Na begi livae kifuani kwenye mageti ya uwanja. Wezi wa mifukoni huifahamu ratiba vizuri kuliko wewe.

SWALI: Julai sipati likizo kazini. Kuna kinachokaribia?

JIBU: Kipo, nacho ni Oktoba. Karibu na mji wa Ölgii, katika mkoa huo wa Bayan-Ölgii, wawindaji wa Kikazakh hukusanyika mwanzoni mwa mwezi kushindanisha tai wao. Tai huachiwa kutoka kilimani na mwindaji humwita akiwa juu ya farasi chini bondeni. Hupimwa kwa kasi na kwa namna anavyotua kwenye glavu. Kuna pia kung'ang'aniana ngozi ya mbuzi juu ya farasi, na kuokota kitu chini farasi akiwa mbioni. Baridi ya usiku hushuka chini ya sifuri, kwa hiyo mavazi ya Julai hayatafaa kitu. Nenda kwa ndege, barabara ni zaidi ya kilomita 1,600. Saa ya Ölgii iko nyuma ya ya Ulaanbaatar kwa saa moja: hakikisha muda ulioandikwa kwenye tiketi ya kurudi ni wa mji gani kabla hujamwambia dereva aje kukuchukua saa ngapi.